Nusu Hatua Chini

4 Februari

Kwa Fundi wa Piano,
kupitia anwani iliyo kwenye kadi yako.

YAH: PIANO YA UKUMBI WA MAJARIBIO

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfamasia, na ni mzazi wa mtahiniwa namba kumi na saba, aliyefanya jaribio la kuingia shule ya muziki tarehe 31 Januari. Anwani yako nimeipata kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya piano. Mtahini mkuu mwenyewe alinifunulia kifuniko ili anioneshe kwamba piano ilikuwa imerekebishwa siku tatu tu kabla.

Nasikitika kukujulisha kwamba uliirekebisha vibaya. Piano ile iko juu. Wala si juu kidogo. Iko juu kwa nusu hatua kamili, tena kwa usawa, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Jambo hilo linanifanya niamini kwamba tatizo si uzembe bali ni kipimo chako. Binti yangu, mwenye umri wa miaka kumi, aliipa piano mgongo akapigiwa noti ishirini, na zote ishirini akazitaja kwa majina ya jirani zake. Alipopigiwa noti ya La, alisema imeshaondoka kwenye La, iko njiani kwenda noti ya Si. Kisha ikafika zamu ya kupiga fidla akiandamana na piano. Baada ya mistari miwili alisimama, akamgeukia mpiga piano, akasema kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, chombo chako kinaumwa." Watahini walicheka. Mimi sikucheka.

Kazini kwangu dawa hupimwa kwa miligramu. Mizani ikipotoka sisemi kwamba wagonjwa wamezidi uzito. Naipeleka mizani ikarekebishwe. Natarajia uangalifu kama huo kutoka kwa mtu wa taaluma yako.

Jaribio la marudio ni tarehe 28 Machi, nalo ni la mwisho kwake, kwa kuwa darasa la watoto halimpokei aliyetimiza miaka kumi na moja. Naomba uirekebishe piano ile kwa kipimo sahihi kabla ya siku hiyo, na unijulishe kwa maandishi.

Wako katika kutafuta haki,
Mama wa mtahiniwa namba kumi na saba


9 Februari

Mama wa Mtahiniwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hii nimelalamikiwa kwa kuchelewa, kwa kuacha vumbi kwenye zulia, na mara moja kwa kukalia kipande cha keki ya bibi harusi ambacho mtu alikificha juu ya kiti cha piano. Kwa nusu hatua kamili sijawahi. Piano ikiharibika huharibika ovyo, kama meno: hili linalegea, lile linauma, la tatu limekaa imara kama siku lilipoota. Haipandi yote kwa pamoja kama maji kwenye ndoo.

Hata hivyo niliacha kazi nyingine nikarudi shuleni siku ya Ijumaa nikaipima. Iko sahihi. Naandika neno hilo nikijua litakavyokuumiza, kwa sababu hata mimi, nikiweka kipimo pembeni na kusikiliza kwa sikio langu tu, naisikia iko juu. Piano zote nazisikia ziko juu. Kila siku ya maisha yangu ya kazi natengeneza kitu ambacho sikio langu linakiita kosa, kisha nakabidhi risiti.

Duniani kuna watu kama arobaini ambao wangeisikia piano ile iko juu kwa kiasi hichohicho, si zaidi, si pungufu. Wote walikuwa watoto waliokwenda kambi moja ya muziki, kila likizo ndefu, wiki nne, kwenye shule ya bweni iliyofungwa. Walifanya mazoezi katika bwalo la chakula, mbele ya piano nyeusi iliyokosa mguu mmoja ikaegemezwa matofali. Je, wewe ulikuwa miongoni mwao?

Kama hukuwa, niwie radhi, na barua hii itupe. Kama ulikuwa, basi huenda unanikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikigonga sakafu kwa mguu kila pigo, hadi mkuu wa kambi akanivua kiatu mbele ya wote na kukiweka juu ya piano, nami nikaitwa hivyo hadi mwisho.

Kiatu


14 Februari

Kiatu! Kiatu wee!

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, na mteja mmoja aliyekuwa akisubiri dawa ya kikohozi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa. Akasogea hatua moja nyuma.

Ni mimi. Ni Chafya. Ni yule aliyepiga chafya katika ule ukimya wa kwanza, Mama Kambi akiwa amenyanyua mikono na watoto arobaini wameshika pumzi. Tulikaa stendi moja ya nota, wewe kulia mimi kushoto, likizo tano mfululizo. Wewe ulikuwa unafunua ukurasa mapema mno, nami nilikuwa nakukanyaga. Nimekaa miaka ishirini nikiuona mwandiko wa watu na kutafuta ile saba yako yenye mkia. Nilipoiona kwenye kadi ndani ya piano moyo uliruka, lakini hasira ilikuwa imeshaniziba macho.

Nakumbuka kila kitu, na hilo ndilo tatizo langu. Nakumbuka vikombe vya bati vilivyokuwa vikiitikia tukipiga noti za chini. Nakumbuka Jumapili, tukiandika barua za nyumbani juu ya meza zilezile za chakula. Baba wa binti yangu, mtu mwema ambaye kwake dunia ina nyimbo mbili tu, wa taifa na ule mwingine, huniuliza, "Hivi wiki nne kwa mwaka zinaweza kumfanya mtu awe hivi?" Namwambia wiki nne hizo ndizo nilizokuwa macho.

Sasa nikueleze lililo moyoni. Nakumbuka kwamba tulikuwa tukishusha nyuzi zetu ili tulingane na ile piano. Mama Kambi alisema ikiinuliwa itapasuka: "Yeye hapandi, basi sisi tutashuka. Nyumba yenye mgonjwa, wageni hunong'ona." Lakini siku ya mwisho, nilipotimiza umri wa kuondoka, alinipa zawadi ule uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachogongwa gotini ili kitoe La ya kweli. Wewe ndiye uliyeniletea kisanduku chake hadi kwenye gari. Nilipofika nyumbani nikaugonga, ukatoa La ileile ya bwalo. Nikafurahi kupita kiasi. Nikasema, kumbe tulikuwa sahihi! Kumbe Mama Kambi alikuwa akitutania! Chuma hakizeeki wala hakidanganyi.

Kwa uma huo nimeishi. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niligonga mlango wa shule hiyohiyo ya muziki, kwenye darasa la wakubwa. Wakaniambia nina vidole, nina moyo, ila sikio langu limepinda, tena limepinda kwa uthabiti kiasi kwamba halitanyooka. Nikaenda kusomea dawa. Kwa uma huohuo nimemfundisha binti yangu tangu akiwa na miaka minne, bila redio nyumbani, kwa sababu redio ilikuwa ikiniudhi. Sasa ananiuliza, "Mama, piano ndiyo inayosema uongo, au ni wewe?"

Wewe ni fundi. Nieleze. Ikiwa piano ya bwalo ilikuwa chini, uma uliwezaje kukubaliana nayo? Na nimfanyeje mtoto, zikiwa zimebaki wiki sita? Anaitaka shule hiyo kuliko chakula. Ameshafunga sanduku lake na kuliweka chini ya kitanda.

Namba ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha nimeiona. Acha tuandike. Sauti yako ya utu uzima siijui, nami bado sitaki kuijua.

Chafya


20 Februari

Chafya,

Nimefurahi kupita ninavyoweza kuandika, kwa hiyo nitaandika ya kazi.

Usimwambie mtoto kwamba amekosea. Pandisha nyuzi za fidla yake kidogo kidogo, sehemu moja ya nane ya safari kila siku ya tatu, ili sikio lake lipande ngazi bila kujua linapanda. Nakutumia pamoja na barua hii kipimo changu cha akiba. Sindano ikisimama katikati, hapo ndipo dunia ilipo. Redio iwashwe asubuhi, kwa sauti ya chini. Wiki tano si nyingi, ila sikio la miaka kumi bado ni udongo mbichi.

Sikujua kwamba ulikwenda kugonga mlango wa shule ile. Nilidhani umekuwa mpiga fidla, mahali pa mbali. Kila nilipopita penye bango la tamasha nilisimama nikasoma majina ya fidla za pili hadi la mwisho, ingawa sikuwahi kulijua jina lako kamili na nisingelitambua kama ningeliona. Nilikuwa nikisoma tu.

Baada yako nilibakiwa na mwaka mmoja. Mama Kambi aliniuliza nani akae nami kwenye stendi, nikasema nitafunua kurasa mwenyewe. Mwaka uliofuata kambi haikufunguliwa tena.

Kuhusu uma, vyuma navyo vina mambo yake. Usihangaike nao sasa. Tumia kipimo.

Kiatu


3 Machi

Kwa Mjomba Fundi,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia. Anwani nimeitoa kwenye bahasha na stempu nimeitoa kwa baba, nikamwambia ni ya shule, na si uongo sana.

Mama anaipandisha fidla yangu kila siku ya tatu nikiwa naoga. Anadhani sijui. Najua kila mara. Ni kama mtu anausogeza ukuta wa chumba changu kidole kimoja kimoja, halafu ananiuliza mbona najigonga. Sasa nina La mbili kichwani na zinagombana. Jana nilipigiwa noti ishirini, nikapata tisa tu. Kabla ya hapo nilikuwa nakosea zote ishirini, lakini angalau nilikuwa nakosea bila wasiwasi.

Nina maswali mawili.

La kwanza. Kwa nini mtihani unauliza majina tu? Mimi umbali siukosi. Kutoka noti moja hadi nyingine najua ni hatua ngapi, hata ukinipeleka juu, hata ukinishusha chini ya sakafu. Mama hunijaribu tukiwa jikoni kwa kugonga glasi, sijawahi kukosa hata umbali mmoja. Kwa nini hawaulizi hilo?

La pili. Nani alikosea wa kwanza? Mama anasema ni dunia. Mtahini anasema ni mama. Baba anasema tule kwanza. Mimi nataka jina moja tu, ili nijue nimkasirikie nani, kwa sababu sasa hivi nakasirika ovyo na nimemjibu mama vibaya mara mbili.

Tafadhali usinijibu kwa posta, mama atafungua.

Mtahiniwa namba kumi na saba


7 Machi

Chafya,

Mtu mmoja ameniuliza nani alikosea wa kwanza. Usitake kujua ni nani. Nimekaa na swali hilo siku mbili, nikirekebisha piano ya ukumbi wa harusi na kuikosea mara mbili, jambo ambalo halijanitokea tangu nilipokuwa mwanafunzi. Jibu ni jina moja, nalo ni langu.

Mama Kambi alikuwa na uma mbili. Kwa mmoja alinipa kazi: alinipeleka kwenye banda la useremala, akanipa tupa, akanionesha jinsi ya kukikwaruza chuma pale meno yanapokutana, kidogo kidogo, hadi sauti yake ishuke na kulingana na piano ya bwalo. Alinichagua kwa kuwa nilikuwa na subira. Ilinichukua siku tatu. Ulikuwa uma wa kambi, wa kutumika pale tu. Wa pili ulikuwa mpya na wa kweli, na huo ndio aliokuwekea wewe kwenye kisanduku, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Naikumbuka neno kwa neno: "Mwanangu, hapa tulikuwa chini kwa kumhurumia mgonjwa. Huu ndio ukweli. Anza upya kwa huu mapema, maana una safari ndefu."

Alinituma nikupelekee. Kati ya ofisi yake na gari lenu kulikuwa na lile banda. Niliingia. Nikautoa uma wa kweli, nikaweka ule niliokwaruza, karatasi nikaitia mfukoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilidhani ukibaki na sauti yetu, muziki mwingine wote utakuwa ugenini kwako, nawe utaturudia. Sikufikiria kwamba umri wa kurudi ulikuwa umekwisha. Nilifikiria stendi.

Kuna baya zaidi, na ningeweza kulificha. Ule wa kweli niliuweka. Miaka saba baadaye, nilipoomba kufundishwa ufundi, ndio niliojifunzia upya, miaka miwili, hadi mikono yangu ikazoea kutolisikiliza sikio. Riziki yangu yote imetoka kwenye kisanduku chako.

Uliponiandikia kwamba ulirudishwa mlangoni ukiwa na miaka kumi na saba, nilijua papo hapo ni nani aliyekurudisha. Nami nikakujibu kwamba vyuma vina mambo yake.

Sina cha kuomba.

Kiatu


12 Machi

Fundi,

Jina lile lingine sitalitumia.

Nilikuwa na barua yako mfukoni siku nzima, nikihudumia watu. Nimewaeleza wagonjwa kumi na wanne jinsi ya kumeza vidonge, kabla ya kula, baada ya kula, na nafikiri sikukosea hata mmoja. Nimeshangaa.

Ishirini. Miaka ishirini nimekuwa nikiondoka kwenye harusi za ndugu zangu mapema nikisingizia kichwa. Mama yangu mzazi alikufa akiamini kwamba nilikuwa na maringo, kwa kuwa kila akiimba nilinyamaza. Nilikuwa nasubiri ashuke.

Usinieleze tena ulikuwa na umri gani. Binti yangu ana miaka kumi, naye akiiba stempu hunung'unika usingizini.

Ninalotaka ni hili. Wewe ndiye unayeirekebisha piano ile kabla ya jaribio. Ishushe. Nusu hatua, noti zote, kwa siku moja, kwa mtoto mmoja. Wakija wengine baadaye na vipimo vyao, waambie vyuma vina mambo yake. Unajua kufanya hivyo. Ulishafanya hivyo ukiwa mtoto kwa siku tatu na tupa ya seremala. Ulichukua nusu hatua kutoka kwangu, nami naitaka irudi, si kwangu, kwake.

Usijibu. Fanya.

Mama wa mtahiniwa namba kumi na saba


27 Machi

Chafya,

Najua ulisema nisijibu. Barua hii naiacha kwa msaidizi wako dukani, kwa kuwa posta haitawahi.

Jana niliingia ukumbini saa mbili asubuhi, nikafunga mlango, nikaanza kufanya ulichoniagiza. Sikusita, nataka ujue hilo. Niliishusha La ya katikati, nyuzi zake tatu, hadi pale petu. Nikaigonga.

Sijaisikia La ile ikitoka kwenye piano tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Uma ni kitu kidogo, unalia kama mbu. Piano ni chumba. Nilisikia viti vikivutwa, nikasikia mtu pembeni yangu akivuta makamasi. Niliigonga tena na tena, sijui kwa muda gani, hadi mlinzi akagonga mlango akiuliza kama piano imeharibika sana.

Nilipokwenda kumfungulia niliiona orodha iliyobandikwa mlangoni. Watoto ishirini na watatu wa marudio. Ningemfungulia mmoja na kuwafanyia ishirini na wawili kile nilichokufanyia wewe, na kila mmoja wao angerudi nyumbani akiambiwa kwamba sikio lake limepinda. Chafya, nimewahi kumfanyia mtu mmoja, nami najua inachukua miaka mingapi.

Nikaipandisha.

Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule. Nilimweleza yote: kambi, piano, tupa, kisanduku, wewe, mtoto. Sikutaja kwamba nilikuwa nimeishusha. Baadaye nikaona hiyo nayo ni kuficha, nikarudi kutoka nje ya mlango nikataja. Nilimwomba jambo moja: mtoto namba kumi na saba asiulizwe majina ya noti, aulizwe umbali kati yake, na fidla yake aipandishe mtu mwingine kabla hajaingia. Wazo la umbali si langu. Limetoka kwa mtu mwenye akili kuliko mimi. Mkuu alinisikiliza akiwa amesimama. Mwishoni akasema, "Sawa, nimekusikia," neno ambalo kwa watu wa cheo chake laweza kumaanisha lolote.

Sikukutii. Niliona ni bora uambiwe na mimi kuliko ukagundue mtoto akiwa tayari amesimama mbele yao.

Kiatu


9 Agosti

Kiatu,

Nimekaa miezi minne bila kukuandikia, na nimekaa vizuri tu, kwa hiyo usidhani nimeshindwa.

Unastahili kujua yaliyotokea, ingawa nadhani umeshayasikia. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido nikiwa na barua yako mkononi, nikikutukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo mfamasia hapaswi kuyajua. Mlango haukuzuia sauti. Nilimsikia mtahini akigonga noti mbili, kisha sauti ya binti yangu: "Hatua nne." Noti mbili nyingine. "Sita. Hapana, msinidanganye, ni sita na nusu." Mara ishirini. Hakukosa hata mara moja. Nilipowasikia wanacheka tena ndani, safari hii nami nilicheka, peke yangu kwenye korido, hadi mzazi mmoja akahama benchi.

Walimpokea kwa masharti: sikio lake lifundishwe upya kwa muhula mmoja chini ya mwalimu wao. Aliondoka na sanduku lake mwezi Mei.

Nilipompeleka, nilifunua kifuniko cha ile piano. Kadi iliyo ndani ni ya fundi mwingine, mwandiko wa duara kama wa cheti. Nilimuuliza mkuu wa shule. Akasema fundi anayeshusha piano ya mtihani, hata kwa noti moja, hata kwa saa moja, haaminiki tena. Na kwamba ulikubaliana naye kabla hajamaliza sentensi. Hukuniambia. Wewe na mazoea yako ya kuficha, hata mema unayaficha.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo.

Wiki iliyopita amerudi kwa likizo yake ya kwanza. Hakuniambia saa atakayofika. Mimi nilikuwa jikoni, nimefunga duka mapema, napiga fidla. Nilikuwa napiga sehemu ya pili ya ule wimbo wa kufungia kambi, mstari wangu na mstari wako kwa kupokezana, maana siku hizi hupiga yote miwili. Nilipogeuka nikamwona amesimama mlangoni na sanduku lake. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Mama," akasema, "uko chini."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyomnong'oneza mwenzake kwamba kifungo kimefunguka.

"Najua," nikamwambia.

"Nikupandishie?"

"Acha, mwanangu."

Akaweka sanduku, akatoa fidla yake, akasema tupige wote kama zamani. Akaanza. Akakosa. Akajaribu tena, akishika uzi huku, akiutelezesha kule, akitafuta mahali nilipo. Mtoto ambaye miezi mitano iliyopita alikuwa akiishi humo kama samaki majini. Baba yake aliingia akauliza mbona tunagombana. Hatukuwa tunagombana. Binti yangu aliishusha fidla begani, akanitazama kwa macho ya kuomba radhi, akasema, "Nilikuwa napajua."

Alikuwa na haki. Hivi ndivyo nilivyotaka. Nililia kwa ajili yake, nikakutukana kwa ajili yake. Mtoto ameokoka. Amehama, na kule alikohamia ndiko watu waliko. Usiku ule alimwimbia baba yake nyimbo zote alizofundishwa, kwa sauti safi, nami nilikaa nikapiga makofi pale ilipopasa, na kila noti ilikuwa juu.

Sijakusamehe. Nimelipima jambo hili kama ninavyopima vitu vyangu, na kwa haki bado sijakusamehe, na huenda nisikusamehe. Lakini nilipokuwa nimesimama pale jikoni, mtoto akitafuta mahali nilipo asipapate, nilitaka kumweleza mtu nilichokisikia, nikaona kwamba katika dunia nzima mtu wa kumweleza ni wewe tu.

Jumamosi nafunga duka saa saba mchana. Baba yake anakukaribisha. Anasema atakaa nasi na hatasikia tofauti yoyote, kwa hiyo tuko huru. Nyumba ni ya tatu baada ya duka, mlango wa kijani. Usilete kipimo, usilete vifaa, usije kurekebisha chochote. Njoo na fidla, nyuzi zikiwa zimelegezwa hadi pale unapopajua.

Chafya